Waulize Mafundi: Sentimita Tatu za Pembeni

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa kazi tofauti, lakini karibu zote zinagusa kitu kile kile: upana wa kitambaa. Tumejibu sita.

Mita zangu zimekwenda wapi?

*Nilishona suruali ya sampuli, kiuno inchi 34, kwa kitambaa cha tetroni nilichokatiwa dukani. Ikala mita 1.10. Duka moja likaagiza suruali 200 za saizi hiyo tu. Nikanunua mita 225, nikijua nina akiba ya mita 5. Kitambaa kimeisha nikiwa na suruali 189. Pateni ni ile ile, na hakuna aliyeiba. Kile cha sampuli kilikuwa na upana wa sentimita 150. Majora niliyonunua nimeyapima juzi, ni 145. Yote yameandikwa 58/60. Kweli sentimita 5 za upana zinaweza kula suruali 11?* (Fundi wa sare, Morogoro)

Zinaweza, na hesabu yako inaonyesha zimekula hivyo hivyo.

Tuchukue vipimo vya kawaida vya suruali ya kiuno 34 pamoja na akiba ya mishono: kipande cha mbele kina upana wa sentimita 30 mahali pake papana zaidi, cha nyuma 38, urefu 108. Mkanda wa kiuno ni sentimita 90 kwa 9, maana unakunjwa.

Kwenye sampuli ulikuwa na 150 toka ukingo hadi ukingo. Toa sentimita moja na nusu kila upande, ule ukingo mgumu wenye matundu ya pini za mashine ya kunyooshea kiwandani, unabaki na 147. Ukikunja kitambaa katikati ni 73.5. Mbele na nyuma vikilala sambamba vinachukua 68. Zimebaki 5.5 kwenye mkunjo. Mkanda ukiwekwa kwenye mkunjo unahitaji 4.5 tu, kwa kuwa ukifunguliwa unakuwa 9. Basi mkanda umeingia bure, na suruali nzima imemalizika ndani ya urefu wa 108. Ongeza sentimita 2 za ncha, ndiyo mita 1.10 yako.

Sasa njoo kwenye jora la 145. Toa kingo, 142. Kunja, 71. Toa 68, zimebaki 3. Mkanda unadai 4.5, hauingii. Umeupeleka mwishoni mwa kitambaa, na huko umekula sentimita 9 za urefu kwa kila suruali. Mita 1.10 imekuwa 1.19. Gawa 225 kwa 1.19, utapata 189. Mwizi wako ni mkanda wa kiuno.

Ungeweza kupunguza hasara kwa kukata mkanda vipande viwili na kuuunga nyuma katikati, jinsi suruali nyingi za kiume zinavyoshonwa hata hivyo. Kila nusu, pamoja na mshono, ni sentimita 47. Kunjua kitambaa, nusu tatu zinakaa sambamba ndani ya 142 zikiwa zimebana (141). Nusu 400 zinahitaji mistari 134 ya sentimita 9, yaani mita 12 na kidogo badala ya 18. Bado 225 zisingetosha, lakini ungepungukiwa mita 7 badala ya 13.

Wapo watakaokushauri upunguze akiba ya mishono ya pembeni, sentimita moja na nusu hivi kwa mbele na nyuma pamoja, ili mkanda urudi kwenye mkunjo. Hesabu inakubali. Sisi hatukubali: suruali ya sare ndiyo inayorudishwa kwa fundi kuachiwa mishono mwenye nayo akinenepa, na isiyo na akiba haiachiki.

Jambo la kushika kuanzia sasa: kitambaa kina upana wa namna tatu. Upo wa kwenye lebo, na "58/60" ni ahadi ya kuanzia sentimita 147 hadi 152. Upo wa ukingo hadi ukingo, unaoupima mwenyewe. Na upo unaokatika, ambao ndio peke yake unaoingia kwenye hesabu. Majora yako ya 145 ni inchi 57, hayakufika hata ile 58 ya chini. Kwa muuzaji hiyo una haki ya kuisema, ila iseme kabla ya kuingiza mkasi. Kitambaa kilichokatwa hakirudi dukani.

Kiwanda kinasema 1.50, mimi nilitumia 2.18. Nani mkweli?

*Suruali yangu ya kitambaa cha upana wa inchi 44 (sentimita 112) ilikula mita 2.18 nilipoikata mwenyewe. Karakana inayotaka kunishonea 100 imeweka mita 1.50 kwa kila moja. Naogopa watabana vipande.* (Mbunifu wa mavazi, Kampala)

Wote mko sawa, dada. Ulikata moja, wao watakata tatu kwa mpigo.

Tumia vipimo vya jibu lililotangulia. Inchi 44 ukitoa kingo, hapa sentimita moja tu kila upande, ni sentimita 110. Ukikunja katikati ni 55, na 30 na 38 haviingii pamoja. Unalaza mbele peke yake, kisha nyuma peke yake: 108 mara mbili, na mabaki makubwa pembeni. Hiyo ndiyo 2.18.

Wao hawakunji. Wanatandika kitambaa wazi, na mstari mmoja unabeba vipande vitatu: nyuma mbili na mbele moja (106), au mbele mbili na nyuma moja (98). Suruali tatu zina vipande 12, kwa hiyo mistari minne inamaliza kazi: sentimita 432. Kwenye ile mistari ya 98 inabaki kamba ya sentimita 12, na mikanda miwili inalala humo. Wa tatu unakwenda mwishoni, sentimita 9. Pamoja na ncha ni 443, gawa kwa tatu: mita 1.48. Kwa kweli wamejipa akiba ya sentimita 2 tu, na hapo tusingelalamika.

Cha kuwauliza ni vitu viwili. Kwanza, wanafanyaje kushoto na kulia? Kitambaa kilichokunjwa hukupa jozi chenyewe. Kilichotandikwa wazi, uso wote juu, hakikupi. Lazima kwenye mchoro wa kupangia pateni tatu za mbele ziwe zimegeuzwa na tatu hazikugeuzwa, na za nyuma vivyo hivyo. Anayesahau hujikuta na rundo la miguu ya kushoto. Waambie wahesabu pateni kwenye mchoro kabla ya kukata: herufi K (kushoto) na L (kulia) zilizoandikwa kwa chaki kwenye kila kipande zinatosha.

Pili, 100 haigawanyiki kwa tatu. Tabaka 33 zinatoa 99, na ile moja inarudi kwenye 2.18 yako. Kwa oda ya 100 si kitu. Kwa oda ya 20 (tabaka 6, halafu mbili za pekee) wastani unapanda, na ndiyo maana bei ya oda ndogo haiwezi kulingana na ya kubwa hata kama fundi ni yule yule.

Tena usimpe mteja bei kwa kutumia kitambaa cha sampuli. Sampuli hupima mkao wa nguo mwilini. Ulaji wa kitambaa hupimwa kwenye mchoro wa kukatia, wenye saizi zote, kwa upana wa jora lililopo mezani.

Pateni imeandikwa kwa kitambaa cha 150, mimi nina kitenge

*Nimepata pateni ya gauni inayodai mita 2.5 za kitambaa cha sentimita 150. Kitenge changu nimekipima ni 115. Kuna kanuni ya kubadilisha?* (Mshonaji, Bujumbura)

Kanuni ipo, ila imenyooka kuliko kitambaa. Zidisha mita ulizopewa kwa upana unaokatika wa zamani, gawa kwa upana unaokatika wa kitenge: 2.5 mara 147, gawa kwa 113, ni mita 3.25. Ongeza sehemu ya kumi kwa sababu vipande haviyeyuki kama maji, vina maumbo yake: mita 3.6, karibu yadi 4. Kitenge cha yadi 6 ni mita 5.49, kwa hiyo unayo ya kutosha, labda na kilemba.

Kanuni hiyo inavunjika pale kipande kimoja kinapokuwa kipana kuliko kitambaa. Mfano mzuri ni siketi ya duara. Kiuno sentimita 76, urefu 60. Nusu kipenyo cha kiuno ni 76 gawa kwa 6.28, yaani 12.1. Ongeza 60 na pindo la 1.5, duara zima lina upana wa sentimita 147. Kwenye kitambaa cha 150 linaingia nywele kwa nywele, kwa urefu wa mita moja na nusu. Kanuni itakuambia kwenye kitenge linahitaji mita 1.95. Si kweli: duara la 147 haliingii kwenye 113 hata ungelivuta, inabidi likatwe nusu mbili. Nusu hizo zikifuatana kwenye ukingo mmoja zinakula mita 3. Ukizipishana, moja imekaa ukingo huu na nyingine ule, zinashuka hadi karibu mita 2.45, ukiongeza kidogo kwa mishono ya pembeni.

Kupishana kunawezekana kwa kitenge cha maua yaliyotawanyika tu. Ndege, taa, viganja vya mikono na kila chenye kichwa na miguu kitageuka. Hata usipopishana, duara lina tabia yake: mchoro uliosimama mbele utalala ubavuni. Kwa michoro ya namna hiyo shona siketi ya vipande au ya marinda.

Kuna neema moja kwenye kitenge halisi cha nta: rangi imepenya pande zote mbili. Mkono wa kushoto ukikosa nafasi, unaweza kukata wa kulia mwingine na kuugeuza. Kile cha bei nafuu kilichochapwa upande mmoja hakikupi ruhusa hiyo. Angalia nyuma yake kabla hujanunua.

Na yale maandishi ya kiwanda kwenye ukingo? Yahesabu kuwa hayapo. Kitenge kinachopimwa 115 mara nyingine kinakatika 111 tu kwa sababu ya maandishi hayo.

Taharizi za kanzu: mila au hesabu?

*Kwa nini kanzu za zamani zina taharizi, zile pembe za kitambaa za pembeni, na za siku hizi nyingi hazina? Nikiziacha nitaharibu umbo?* (Mwanafunzi wa ushonaji, Unguja)

Zilianza kwa hesabu, kisha zikawa mila. Marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa iliyojaa pwani yetu karne ya 19, ilikuwa na upana wa kama yadi moja. Kanzu inayotaka sentimita 85 kwenye pindo mbele, na 85 nyuma, haiwezi kutoka humo bila kiraka au upotevu mkubwa. Fundi alikata badani (vipande vya mwili) mbili zilizonyooka, akatia pembe nne za pembeni kuanzia karibu na kiuno hadi chini, na vikwapa vya mraba ili mkono unyanyuke. Hakuna kilichotupwa.

Leo, ukiwa na kitambaa cha 112, bado ndivyo kinavyokatwa vizuri. Chukua kanzu ya urefu wa 145. Pamoja na pindo na bega, badani ni 151 kwa 60. Kitambaa kinakatika 110, kwa hiyo ubavuni mwa badani ya mbele inabaki kamba ya 50, na mikono miwili (60 kwa 50 kila mmoja) inapangana humo. Ubavuni mwa badani ya nyuma inabaki kamba nyingine ya 50. Humo ndimo pembe nne za taharizi zenye tako la sentimita 15 zinalala mbili mbili, ncha ya moja kwenye tako la nyingine, na kaba ya shingo na sijafu za mikono zinapata nafasi. Jumla mita 3.02.

Ukiwa na kitambaa cha 150 unaweza kukata badani pana moja kwa moja, juu 60, chini 85, bila taharizi. Mbili hazikai sambamba chini (170 ndani ya 147), ila ukizilaza kichwa kwa miguu, 60 ya moja inakaa kando ya 85 ya nyingine: 145, zimeingia. Mikono juu yake, sentimita 62. Jumla mita 2.13.

Mambo mawili huharibika. Kitambaa chenye mng'ao kikilazwa kichwa kwa miguu, badani ya mbele na ya nyuma zinatoa weupe tofauti juani. Kisugue kwa kiganja kwenda na kurudi, kikibadilika rangi usipindue. La pili ni ule ubavu wa mshazari: umekata nyuzi za mtande (za urefu) kwa pembe, utarefuka kwa uzito wake. Itundike kanzu usiku mzima kabla ya kupiga pindo, la sivyo pembeni itaning'inia chini kuliko katikati. Taharizi, ikishonwa upande wake wa mshazari na upande wa badani ulionyooka, inashikiliwa isirefuke. Kwa umbo, kwa hiyo, wazee hawakukosea.

Jezi ya kilo

*Nanunua jezi, kile kitambaa cha fulana, kwa kilo. Kilo moja ina mita ngapi?* (Nairobi)

Gawa 1000 kwa uzito wa mita mraba ukizidishwa na upana kwa mita. Jezi ya gramu 180 yenye upana wa mita 1.80 ina gramu 324 kwa kila mita, basi kilo ni mita 3.09.

Jihadhari na jora lililovutwa. Jezi ikitoka kwenye mashine ikiwa imenyooshwa, upana wa 180 ni wa muda. Ikunjue, iache ilegee saa 24 mezani bila kuning'inia, upime tena. Ikirudi 174, ukakata jana yake kwa mchoro wa 180, fulana zako zitapungua upana zenyewe zikiwa zimeshashonwa. Wenye haraka hugundua hili mteja akishafua.

Sampuli bila kitambaa cha kazi

*Kitambaa cha oda kinafika baada ya wiki tatu, mteja anataka sampuli sasa. Nifanyeje? Na kwenye oda niandike nini kuhusu upana?* (Karakana ya watu wanane, Mwanza)

Sampuli ya mkao shona kwa marekani au kitambaa chochote cha uzito unaokaribiana. Kwenye kadi yake andika wazi kuwa ulaji haujapimwa. Wakati huo huo muombe muuzaji mita moja tu ya kitambaa chenyewe, kwa upana wake wote.

Hiyo mita moja ina kazi tatu. Pima upana. Chora mraba wa 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika, fua kama mteja atakavyofua, kausha, pima upya pande zote mbili. Ukipata 48.5 kwa upana, kimerudi asilimia 3, na kila kipande cha pateni kizidishwe kwa 1.031 upande huo. Rudi kwenye suruali ya Morogoro uone: 68 inakuwa 70.1, kwenye mkunjo wa 73.5 zinabaki 3.4, na mkanda umetoka nje tena hata kwenye kitambaa cha 150. Kazi ya tatu: kata utepe toka ukingo hadi ukingo, ushone ncha ya ukingoni na kipande cha katikati, uangalie mchana, nje. Vitambaa vipana vilivyopakwa rangi vibaya huwa na ukingo uliokoza na kati iliyofifia. Utakuja kuiona kwenye mshono wa nje wa suruali, pale mguu uliokatwa ukingoni unapokutana na uliokatwa katikati.

Kwenye oda usiandike 58/60. Andika: "upana unaokatika usiopungua sentimita 147, jora lolote chini ya hapo litarudishwa." Taja pia kuwa kipimo ni cha kitambaa kilicholala bila kuvutwa. Kipo kiwango cha kimataifa cha upimaji huo, ISO 22198, na muuzaji wa jumla anayeuza viwandani anakifahamu.

Majora yakifika, pima kila moja mwanzo, katikati na mwisho, na usichukue wastani. Andika ile namba ndogo kwa chaki kwenye jora. Ukiamua kutoyarudisha yaliyo membamba, yapange yote kwa makundi, tuseme 147 na kuendelea, 144 hadi 146, na mengine. Kila kundi lipate mchoro wake. Ukichanganya majora kwenye tandiko moja, lile jembamba kuliko yote ndilo linalotawala, na kila sentimita ya ziada ya mengine unaitupa kwenye kiroba cha mabaki.

Meza yenu ya sentimita 120 mliyoitaja mwishoni mwa barua ni tatizo jingine. Kitambaa cha 150 kikining'inia 30 upande mmoja kinavuta tabaka za juu, na mshindo (nyuzi za upana) unapinda kama upinde. Ungeni ubao wa sentimita 45 kwa bawaba, meza ifike 165. Ubao mmoja mrefu, vyuma viwili vya kuegemeza, kazi ya nusu siku kwa seremala.